Mjukuu wangu alihesabu hadi mia, vitunguu sita vikamshinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na walezi wenzangu. Nina genge hapa Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Nauza viazi, nyanya, vitunguu, na parachichi za Rungwe zikiwa msimu. Namlea mjukuu wangu wa kiume mwenye miaka minne na nusu.

Mwaka jana alikuwa anahesabu moja hadi mia bila kukwama. Wateja walimsifu, nami nikatembea kifua mbele. Jioni moja nikiwa napika nikamwambia, "Niletee vitunguu sita." Akaja amevikumbatia kifuani, kumi na kitu, vingine vinadondoka njiani. Nikamwambia avihesabu. Kidole kikaenda huku, mdomo ukaenda kule: kitunguu kimoja alikihesabu mara mbili, kingine akakiruka. Nikampangia sita kwenye mstari, akafika sita vizuri. Nikamuuliza, "Haya, viko vingapi?" Akaanza upya: moja, mbili, tatu... Nikauliza tena, akaanza tena. Mara ya tatu nikamgombeza, akalia.

Kilio kile kinaniuma hadi leo, kwa sababu mtoto hakuwa mkaidi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba namba ya mwisho anayoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Kwake ule ulikuwa wimbo, na wimbo ukiombwa tena unaimbwa tena.

Kituo alichokuwa anakwenda wakati huo kilimpa kazi ya nyumbani kila siku: andika 1 hadi 50 kwenye daftari. Vidole vyenyewe havijaweza kushika penseli sawasawa. Nilimwondoa, nikawa nashinda naye gengeni hadi wakati wake wa kuanza darasa la awali.

Huko gengeni ndiko alikojifunza. Wauzaji wenzangu wanajua namna tunavyopanga mafungu: nyanya tatu chini moja juu, viazi vinne chini kimoja juu. Nilimpa beseni tupu, kila kiazi anachokihesabu akihamishie humo. Kilichohama kimeshahesabiwa, hakirudiwi. Akimaliza namuuliza viko vingapi, akisitasita najibu mwenyewe huku nazungusha mkono juu ya beseni lote: "Vitano. Hivi vyote ni vitano." Haikuchukua mwezi. Asubuhi moja alisimama mbele ya meza akasema, "Bibi, hapa pamepungua kimoja." Hakuwa amehesabu, aliona tu kwa macho kwamba fungu halina kiazi cha juu.

Lugha yetu nayo inasaidia sana, ila tunaipita bila kuiona. Mtoto akiimba namba anasema moja, mbili, tatu. Lakini viazi ni viwili, mayai ni mawili, nyanya ni mbili, watoto ni wawili. Hapo ndipo namba inaposhikana na kitu. Mjukuu wangu alifika vitano akaendelea mwenyewe: "visita, visaba, vinane." Nilifurahi kuliko siku zote alizohesabu hadi mia, maana hakuna aliyemkaririsha neno "visita". Alikuwa anahesabu viazi kweli. Kwamba sita na saba hazibadiliki na nane inabadilika, hilo atalizoea kwa kutusikia. Mimi nilimjibu tu, "Ndiyo mume wangu, viazi sita."

Nyakati za baridi, Juni na Julai, tukiwa tumezunguka jiko la mkaa, tunacheza na maharage. Namwonyesha matano, nafumba mikono, nafungua mmoja wenye mawili. Mengine mangapi yako huku? Mwanzoni alikuwa anabahatisha. Sasa anatazama dari kidogo, anakunja vidole, anasema matatu. Halafu anataka zamu yake ya kunificha mimi, na hapo ndipo anapofikiri zaidi.

Dada yake wa darasa la tatu anamfundisha mdako. Sisi tuliokulia vijijini tumeucheza sana: unachimba kishimo, unaweka vijiwe, unarusha kimoja juu na kabla hakijatua umeshachota vingine. Kwanza unachota kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Mtoto anayejua kwamba vijiwe kumi vikichotwa viwili viwili vinaisha, lakini vikichotwa vitatu vitatu kinabaki kimoja, huyo ameshaanza kugawanya kabla hajaisikia alama yake darasani. Inanisikitisha kuona michezo hii inaachwa, mtoto anapewa simu ili atulie.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na nashukuru kwa hilo. Ila mwaka mmoja ni mfupi, na mwalimu mmoja mbele ya darasa lililojaa hawezi kukaa na kila mtoto na beseni lake. Ombi langu kwa walimu wa awali: badala ya kurasa za kuandika namba, mtumeni mtoto nyumbani aje kesho na vizibo saba, au aseme kwao kuna vikombe vingapi. Sisi huku tutajua la kufanya. Na wazazi, mtoto akikosea msimpige wala msimcheke. Hesabuni naye pamoja, taratibu, kwa kugusa.

Jumamosi iliyopita nilimtuma wangu sahani za chakula cha usiku. Nyumbani tuko watano. Alileta nne, akampa kila mtu yake, akabaki amesimama mikono mitupu anatutazama mmoja mmoja. Kisha akarudi kabatini bila kuambiwa, akachukua moja, akakaa kula.

Bibi wa genge,
Uyole, Mbeya