Kuhusu zile bodi unazotaka kuagiza

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na swali lako sikutaka kulijibu juujuu. Unasema Apple-1, kompyuta ya kwanza ya Apple, ni kazi ya Steve Wozniak, na yule Mmarekani aliyetoa Replica 1, bodi ya kompyuta inayoiga ile, mwaka 2003 naye kaiga. Basi huyu unayetaka kuagiza kwake, anayemwiga Mmarekani huyo na kuuza kwa nusu bei, ana kosa gani?

Kosa analo. Wozniak hakuibiwa na mtu. Mwaka 1976 alikuwa akigawa michoro ya kompyuta ile bure kwa wenzake wa Homebrew Computer Club, klabu ya wapenda kompyuta kule California, kila mwenye hamu ajiundie yake. Na pamoja na hayo, aliyetengeneza Replica 1 alimwomba ruhusa, akapewa.

Tena kuiga kwenyewe kulikuwa kazi. Apple-1 ilionyesha herufi kwa shifti rejista za Signetics, chipu za zamani za kuhifadhi herufi za skrini, ambazo leo kuzipata ni shida, na ukizipata bei inaumiza. Mtengenezaji wa Replica 1 aliing'oa sehemu nzima ya skrini, akaweka maikrokontrola za kisasa, yaani chipu ndogo zinazoendeshwa na programu, na kuziandikia programu yake mwenyewe. Ndiyo maana mtu analehemu mezani kwake, anabonyeza Reset, na ile alama ya \ inatokea: Woz Monitor, programu ya Wozniak ya kuiendesha kompyuta, baiti 256 tu, inangoja uipe anwani ya kwanza ya kumbukumbu. Anayeifyonza programu ya maikrokontrola na kuibandika kwenye bodi zake hajamwiga Wozniak. Anakula jasho la mtu mmoja asiye na kampuni kubwa wala wakili.

Najua utanitajia Altair BASIC, programu ya Microsoft ya kompyuta ya Altair, jinsi wana klabu walivyoinakili hadi Bill Gates akawaandikia barua ya wazi Februari 1976 akiwaambia wengi wao wanaiba. Mimi naona Gates alikuwa na haki, ukali wake kando. Lakini hata wale walinakili wakagawana. Huyu wako anauza.

Mwenye kazi akiziachia faili zake kwa leseni huria, hapo nakili, uza, ila jina lake litaje. Na jina liwepo juu ya bodi yenyewe! Apple-1 zilizoundwa ni kama 200 tu, na mwaka 2014 moja iliuzwa mnadani Bonhams kwa dola 905,000. Bodi inayofanana nayo bila alama yoyote itamtia mtu hasarani siku moja, akidhani ni ya asili.

Kwa hiyo usilipe kwanza. Mwandikie mwenyewe, yule wa Replica 1, umwombe idhini ya kuchapisha bodi chache, umpe chake. Akikubali, nusu ya gharama naitoa mimi. Akikataa, mchoro wa Wozniak umo kwenye kitabu cha maelekezo cha Apple-1. Tutaanzia hapo mimi na wewe, hata kama sehemu ya skrini itatuchukua mwaka.

Nijibu upesi.

Wasalaam,
Rafiki yako