Maarifa ya Jamii yaanzie hapa hapa Kigoma

Mhariri salaam,

Naomba nafasi niongee na walimu wetu wa msingi. Watoto wa huku Kigoma wanakariri mabara na bahari kwa ajili ya mtihani, sawa, ila dunia nzima imepita hapa kwetu na hakuna anayewaonyesha. Chukua meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika tu, Wajerumani waliiunda kwao 1913 ikaletwa vipande vipande, vita ikaja wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini 1927, sasa hapo mtoto si anapata ukoloni, vita kuu na usafiri vyote kwa mpigo?

Pale Ujiji kuna kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana 1871. Mwalimu akiwapeleka asiishie kwa wazungu wawili jamani, awaambie na njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, maana walioibeba ile mizigo ni mababu zetu.

Halafu kambi ya Nyarugusu ipo toka 1996, mtoto wa Kasulu anaishi jirani na wakimbizi wa Kongo na Burundi ila darasani hakuna anayemweleza kwa nini mwenzake alikimbia kwao, anabaki na maneno ya mtaani tu. Hili linaniuma sana. Maafisa elimu, pangeni hata safari moja kwa muhula, pale bandarini Kibirizi boti za Wakongo zinakuja, watoto wakawaulize wenyewe.

Mzazi, Ujiji