Kuhusu ule mvumo wa amplifaya yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Mama yako hajambo, wadogo zako pia. Nimefurahi mno kusikia kwamba huko Kisumu umejiundia amplifaya kwa mikono yako. Tuzungumze sasa kuhusu huo mvumo unaosema unasikika kwenye spika.

Aliyekushauri ukate waya wa ethi (ule wa kinga unaoenda ardhini) kwenye plagi, usimsikilize hata kidogo. Kweli mvumo unaweza kupungua. Lakini boksi lako ni la chuma, na stima yetu ni volti 240. Waya wa moto ukichomoka ndani ukagusa boksi, ethi ndiyo inayobeba mkondo mpaka fyuzi ikatike. Bila ethi, atakayeubeba ni wewe, mama. Boksi lifungwe kwenye ethi moja kwa moja, kwa skrubu iliyokazwa vizuri.

Anza kwa kuteremsha volyumu hadi sifuri. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na volyumu, unaingilia mbele, kwenye waya za kuingiza sauti. Ukibaki palepale, utafute nyuma ya volyumu: kwenye pawa (sehemu inayolisha amplifaya stima), au kwenye waya za sifuri, yaani zile za pamoja ambazo mkondo hurudia. Sikio nalo litakusaidia. Stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na ikishapita diodi nne zinazoifanya iende upande mmoja tu, mawimbi yanayobaki ni 100. Mvumo mzito wa 50 mara nyingi ni wa transfoma iliyokaribiana na waya za sauti; ule wa 100 unatoka kwenye pawa.

Wako, nikitazama picha uliyotuma, nadhani ni wa 100. Sifuri ya sauti umeiunga kwenye waya unaotoka katikati ya transfoma kwenda kwenye kapasita kubwa, zile zinazohifadhi chaji. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kapasita hazijazwi polepole. Hujazwa kwa mishtuko mifupi ya mkondo mkubwa, kila wimbi linapofika kileleni. Waya wowote, hata mnene, una ukinzani kidogo, kwa hiyo kila mshtuko unaacha volti ndogo juu yake. Amplifaya inaidhani ni muziki na kuikuza. Tengeneza kituo kimoja cha sifuri baada ya kapasita, kisha spika, bodi na waya wa kuingiza sauti kila kimoja kirudi hapo kwa waya wake.

Usikimbilie kununua kapasita mpya. Ni kweli, kwa mkondo wa ampea 1, mikrofaradi 4,700 huacha wimbi la volti 2 hivi, na 10,000 huacha volti 1. Lakini waya uliokaa mahali pabaya hautibiwi na kapasita.

Waya za transfoma zisokote pamoja, na uizungushe transfoma yenyewe ukisikiliza kabla ya kuikaza. Waya wa kuingiza sauti uwe wa kufunikwa kwa nyuzi za shaba. Kama mvumo unakuja tu ukiunga kompyuta iliyo kwenye chaji, hiyo ni ethi inayozunguka njia mbili. Tutaizungumza kwa simu.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na upime kapasita kwa mita hadi volti ziishe. Ukiwasha tena, pitisha stima kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka sana bila kufifia, zima upesi unipigie.

Baba yako