Msitupe usukani wa zamani uliopasuka

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwasihi wanaofufua Volkswagen Beetle, Land Rover na Mercedes-Benz za miaka ya 1950 na 1960: usukani uliopasuka usitupwe. Ule wa asili ukienda jalalani haurudi.

Kinachoharibu sukani nyingi ni puti ya bodi, ile ya kuziba mabonyeo ya gari, iliyopakwa juujuu ya ufa. Puti hiyo ikikauka haipindi; jua likipiga, plastiki hutanuka kuliko chuma kilicho ndani, na ufa unafunguka tena palepale. Chimba ufa kwa msumeno mdogo hadi chuma kionekane, uwe na umbo la V lenye upana wa milimita 3 hivi kwa juu. Kwangua kutu yote, maana ikibaki itavimba na kuisukuma gundi utakayojaza. Futa kwa spiriti, kisha kanda epoksi, yaani gundi ngumu ya kuchanganya, ya sehemu mbili kwa vipimo sawa, ujaze hadi ipite usawa kidogo. Iache saa 24. Piga msasa namba 120, halafu 240, umalizie na 400 wenye maji, ndipo upake praima (rangi ya msingi) na rangi.

Mbao za ndani za milango nazo huvunjwa bure kwa kuvutwa kwa mikono. Ubao uliokunywa maji huchanika na kuacha klipu, vile vibanio vinavyoushika, mlangoni. Ingiza chuma bapa chenye panda chini ya kila klipu, uing'oe mojamoja. Kabla ya kurudisha, bandika karatasi ya nailoni kwenye chuma cha mlango. Bila hiyo, mvua italoweka ubao tena.

Mafundi wa magari ya zamani,
Nakuru