Rukia, rudisha ubishi wako

Shoga yangu Rukia,

Salamu sana. Huku wote wazima, Mama anakuulizia kila siku, na Hamadi mguu umepona ingawa bado anadeka. Ya Bi Asha na mpangaji wake hayaandikiki, nitakusimulia tukionana.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya upande wako wa uhakiki wa filamu ya Vuta N'kuvute, katika ukurasa wetu wa watu wawili. Nimeusoma jana usiku, asubuhi nikaurudia, na roho haijatulia. Umeisifu mwanzo mpaka mwisho. Mandhari ya kuvutia, maudhui mazito, fahari ya taifa. Rukia! Hayo angeandika yeyote, hata ambaye hakuingia ukumbini. Wewe siku ile ulikaa ubavuni kwangu unamumunya ubuyu, na kila wale wapenzi wawili, Denge na Yasmin, wakitazamana kimya unaninong'oneza, "Sasa picha inaanza saa ngapi?" Mkoloni anamsaka Denge, wewe unauliza mbona stelingi hana haraka. Tulipotoka ukasimama pale kwenye bajaji ukaanza kuichambua kwa hasira mpaka dereva akazima injini asikilize: siasa za Denge zimepitiwa juu juu, asiyesoma kitabu cha Adam Shafi kilichoizaa hatajua kijana huyu anapigania nini na wenzake ni akina nani, mapenzi yamekula muda wa mapambano. Hayo yote umeyaacha wapi?

Nadhani najua kilichokupata. Tangu itangazwe, mwaka 2022, kwamba ndiyo iliyochaguliwa kutuwakilisha kwenye Oscar, watu wanaogopa kuigusa. Na jambo lenyewe ni kubwa kweli, maana kabla yake tulipeleka filamu ya Maangamizi, mwaka 2001, basi. Mimi nilifurahi mpaka nikampigia simu Mwalimu usiku. Lakini mwongozaji wake, Amil Shivji, alipoipeleka kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, aliiweka mbele ya watu wasiomjua yeye wala ukoo wake, wakaitazama kama filamu. Iweje sisi wa nyumbani tuitendee kama marehemu, asemwe mazuri tu?

Mimi naipenda, unajua. Naipenda kwa hicho hicho kilichokuchosha. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeikimbia ndoa aliyochaguliwa, hofu yake hana pa kuiweka ila usoni, na kamera inakubali kumsubiri. Halafu Mwajuma, anayeigizwa na Siti Amina, akiingia tu chumba kizima kinapata joto. Kwangu ule ukimya ndio hadithi. Lakini mimi kitabu nilikisoma sekondari, palipo na pengo najaza mwenyewe bila hata kujua. Wewe hukukisoma. Kwa hiyo ukisema umepotea njia, hiyo ni habari ambayo mimi siwezi kumpa msomaji, na wasomaji wetu wengi wako upande wako.

Unakumbuka tulivyogombana kwa ajili ya ile filamu ya Seko Shamte, Binti? Mimi nikishikilia kwamba wale wanawake wanne wanahitajiana, wewe ukisema Tumaini na duka lake na deni lake wanatosha filamu nzima, hao wengine wamemnyang'anya muda. Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Lakini kila nikitazama filamu yenye visa vingi najikuta nauliza ni nani hapa kanyang'anywa. Hilo limetoka kwako. Wewe uliyekulia vibanda umiza vya video, ukimsikiliza Lufufu akitafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili na kuongezea ya kwake, unajua picha inavyomshika mtu aliyelipa hela yake ya jasho, na unajua inapomwachia. Mimi huo ujuzi sina, na vitabu havi... basi, unanielewa.

Sasa ombi langu. Nimemwomba mhariri atushikie ukurasa mpaka Alhamisi. Andika upya upande wako. Usiukwaruze wangu wala usiupambe, andika wako tu, kama ulivyosema pale kwenye bajaji, na hasira yake. Tukikubaliana kwa kila filamu, ukurasa mmoja uwe na watu wawili wa nini?

Na niambie ukweli: kuna mtu amekutisha? Au ni shemeji, na maneno yake kwamba wanawake wawili wasijifanye wajuzi kuliko Wazungu? Au umenionea huruma kwa kuwa unajua naipenda? Kama ni hilo, umenikosea heshima, mpenzi wangu. Mimi nimezoea makali yako na nayataka. Na ile sehemu Mwajuma alipotokea, ukaacha ubuyu ukanishika mkono, ilikuwa nini? Mbona hiyo nayo hukuiandika? Utakwenda kuitazama tena kabla ya Alhamisi? Nikulipie tiketi?

Jibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Mwanaidi