Jumamosi Kunduchi: kamera, brashi na viatu vya tope

Habari za jioni wadau. Jumamosi tunakutana Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, kupiga picha na kuchora, saa 12 asubuhi, na siyo saa 12 ya Kibongo ya kuchelewa. Ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, kwa hiyo kuelekea saa 4 maji yatakuwa yamekupwa na mizizi ya mikoko iko nje yote.

Ombi langu moja: safari hii tupunguze picha za mafuriko. Bonde la Jangwani hapa Dar likijaa maji kila mtu anayo hiyo picha, mimi mwenyewe ninazo tangu Desemba 2011. Tutafute mikono inayofanya kazi: anayepanda mche wa mkoko, anayezibua mtaro kabla ya masika, mama aliyerudia kikapu cha ukindu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. Ombeni ruhusa kwanza. Wavuvi wamechoka na kamera zetu, na wana haki.

Wachoraji msijitenge! Edward Tingatinga alichora kwa rangi za kawaida za dukani, tena kwenye vibao, kwa hiyo turubai siyo kisingizio.

Simu inatosha, ila futa lenzi. Chai na vitafunwa ni 3,000 kila mtu. Anayekuja aandike jina hapa chini kabla ya Alhamisi usiku.