Kwa Rehema, kabla hujakutana na nyuzi 25 chini ya sifuri

Kwako Rehema,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi mpya. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelipenda. Unauliza iweje jiji lililozoea theluji, lenye mitambo ya kuiondoa na madereva waliokulia humohumo, likwame siku ambayo mbingu ni safi na hakuna hata chembe inayoanguka.

Theluji na baridi kali ni maadui wawili, ndugu yangu. Theluji huziba njia: unaiona, unaipiga koleo, inaondoka. Baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri haizibi kitu. Huingia ndani ya betri, ndani ya dizeli, ndani ya mabomba ya upepo wa breki, ndani ya chuma cha reli, na kila kimoja kikachelewa kidogo au kikagoma kabisa. Ndiyo maana foleni unayoikuta saa moja asubuhi huwa imeanza kupangwa tangu usiku, watu wakiwa wamelala. (Humu nikitaja nyuzi bila kufafanua, jua ni chini ya sifuri.)

Tuanze na betri, kwa kuwa ndiyo inayoacha wengi nyumbani. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ikifika nyuzi 18, hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito kama asali, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi kuliko siku nyingine. Mwenye mali kapungukiwa, na mdai kaongeza deni. Betri iliyojaa chaji haigandi hata kwenye nyuzi 50, lakini iliyoisha chaji yaweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu, maana asidi yake imebaki karibu na maji matupu. Ikishaganda usiibusti (yaani kuiazima umeme wa betri ya gari jingine) wala usiichaji, inaweza kulipuka. Itoe, iingize ndani iyeyuke, kisha iangaliwe kama ganda lake halina ufa.

Kabla majira hayajaingia, peleka betri ikapimwe ikiwa na mzigo, yaani ikivutwa umeme, usiridhike na kipimo cha volti peke yake. Volti 12.6 baada ya kutulia ni betri iliyojaa, 12.0 ni betri inayokaribia kuisha. Ikiwa imeshatimiza miaka minne au mitano, mimi ningebadilisha bila kubishana nayo. Safari fupi za mjini nazo huimaliza taratibu: dakika kumi za kuendesha huku umewasha taa, feni, hita ya kioo cha nyuma na ya kiti hazirudishi umeme uliotumika kuwasha gari.

Ukilazimika kubusti, fuata mpangilio huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Cheche hutokea pale unapounga mwisho, na betri hutoa gesi inayoshika moto.

Oili: kwenye kopo tazama namba iliyotangulia herufi W. Oili ya 0W hujaribiwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 35, 5W kwenye 30, 10W kwenye 25. Chagua kati ya zile ambazo kitabu cha gari kinaziruhusu, na kati ya hizo chukua yenye namba ndogo. Maji ya radieta yawe nusu maji, nusu glaikoli, ile dawa ya kuzuia maji kuganda. Mchanganyiko huo huvumilia hadi nyuzi 37 hivi. Usidhani glaikoli tupu ni bora zaidi, maana yenyewe ikiwa peke yake huganda kwenye nyuzi 13.

Halafu kuna kifaa ambacho sisi tuliokulia kwenye joto hatukijui: hita ya injini. Ni kipande kidogo cha umeme kinachowekwa ndani ya injini kupasha maji yake, na waya wake hutokeza mbele ya gari. Unachomeka kwenye soketi ya maegesho. Winnipeg kule Kanada na Fairbanks kule Alaska utaona magari yamefungwa kwa waya kama mbuzi kwenye kigingi. Nyingi hula wati 400 hadi 1,000, na saa mbili hadi nne zinatosha, kwa hiyo weka saa ya kuwashia umeme ianze alfajiri, usichomeke usiku kucha. Kule Yakutsk, Siberia, ambako Januari ni nyuzi 40 kama mchezo, watu huweka gari kwenye gereji yenye joto, hulifunika kwa blanketi nene, au huliacha likinguruma. Wewe usiliache likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa hata kwa dakika moja. Na kabla ya kuwasha, hakikisha theluji haijaziba bomba la moshi.

Injini ikishawaka, usisimame nusu saa ukisubiri ipate moto. Injini isiyo na mzigo hupata joto polepole mno. Dakika moja au mbili, vioo vikiwa safi vyote (si kishimo cha kuchungulia kama cha mlango wa jela), kisha ondoka kwa upole.

Dizeli ni kesi ya peke yake. Ndani yake mna nta, na baridi ikizidi nta hiyo hutengeneza chembe zinazoziba chujio. Gari huwaka vizuri, huenda kilomita moja au mbili kwa mafuta yaliyokuwa tayari kwenye mabomba, halafu hufia katikati ya barabara. Kwa jiji, hilo ni baya kuliko gari lililogoma kuwaka nyumbani, maana hili la pili halimzibii mtu njia. Dizeli ya majira ya joto huanza kuleta ukungu wa nta karibu na sifuri; ya baridi hutengenezwa ivumilie zaidi. Hatari iko kwa aliyejaza tenki mwezi wa kumi na hajatembea sana. Dawa za kuongeza hufanya kazi zikitiwa kabla nta haijatokea. Ikishatokea, haziirudishi kuwa mafuta. Malori mapya yana tenki la maji ya urea pia, ya kusafishia moshi, nayo huganda kwenye nyuzi 11, ndiyo maana tenki hilo huwekewa hita.

Ukinunua gari la umeme, lichomeke usiku na uliamuru lipashe betri na kiti kabla hujachomoa. Betri ya lithiamu ikiwa ya baridi hukataa kupokea chaji ya haraka, kwa kujilinda. Januari 2024 mjini Chicago magari ya umeme yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya kuchajia, na mengi yalikuwa yamefika na betri baridi, kila moja likashikilia nafasi muda mrefu. Kumbuka pia kwamba hita huhesabu saa, haihesabu kilomita. Ikila kilowati 3 hadi 5, saa moja ya kukaa kwenye foleni bila kusogea imekula umeme ambao ungekupeleka kilomita 20 hivi.

Sasa barabara yenyewe. Watu hudhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo barafu inavyoteleza zaidi. Ni kinyume chake: barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu, ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye nyuzi 25 tairi za msimu wa baridi angalau hushika kiasi. Kinachoharibu mambo ni moshi wa magari. Ndani ya moshi mna mvuke wa maji, na magari yanaposimama kwenye mataa mvuke huo huganda juu ya lami na kung'arishwa na matairi. Kwa hiyo mita 30 za mwisho kabla ya mataa ndipo penye barafu usiyoiona, na ndipo kila mtu anapokanyaga breki. Anza kupunguza mwendo mapema, gari likiwa bado limenyooka, na acha sekunde nane hadi kumi kati yako na wa mbele. Baridi ikishuka zaidi, kuelekea nyuzi 40, mvuke huohuo hubaki hewani kama ukungu wa barafu, na Fairbanks au Yakutsk unaweza usione taa za gari lililo jirani.

Utauliza, chumvi je? Kilo moja ya chumvi kwenye nyuzi 1 huyeyusha karibu kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 7 ni kama kilo 9, kwenye nyuzi 12 ni kilo 5, tena kwa kujikongoja. Ikifika nyuzi 21 chumvi ya kawaida haiyeyushi kitu, hata uimwage gunia zima. Majiji huchanganya kloridi ya kalsiamu au ya magnesi, chumvi za aina nyingine ambazo huvumilia zaidi, au huacha kuyeyusha na kumwaga mchanga ili tairi zipate pa kushika. Finland hutandaza kokoto ndogo kwenye njia za miguu, na katikati ya Helsinki baadhi ya njia hizo zina mabomba ya maji moto chini yake.

Halafu fanya hesabu ya mataa. Tuseme kijani hudumu sekunde 30. Magari yakipita kwa kupishana sekunde mbili, yanapita 15. Kila dereva akiwa mwangalifu na kuacha sekunde tatu, yanapita 10. Hakuna aliyepata ajali wala kuharibikiwa, lakini theluthi ya uwezo wa barabara imeyeyuka, na foleni inarudi nyuma hadi mataa yaliyotangulia. Ongeza gari moja lililozimika kwa dizeli, na bomba la maji lililopasuka chini ya lami na kugeuza makutano kuwa kioo. Hata taa zenyewe zina shida yao: za LED hazitoi joto kama balbu za zamani, kwa hiyo theluji ikizigandia haiyeyuki.

Treni inakwepa foleni, lakini haikwepi baridi. Chuma hunywea. Kilomita moja ya reli, ikitoka nyuzi 25 juu ya sifuri hadi 25 chini, ingetaka kufupika karibu sentimita 60. Reli iliyochomelewa bila mwanya haina pa kufupikia, kwa hiyo hujivuta hadi ikakatika penye kiungo dhaifu. Kwenye njia nyingi umeme wa ishara hupita ndani ya reli zenyewe, hivyo ikikatika taa huwa nyekundu na treni zote za nyuma husubiri. Januari 30, 2019, Chicago ilipofika nyuzi 31 hivi, mafundi waliwasha moto wa gesi kando ya reli pale zinapogawanyika, ili barafu isizuie vipande vinavyosogea. Reli ikiwa imeachana hutandika kamba iliyolowa mafuta kando yake na kuiwasha, chuma kitanuke hadi ncha zikutane, ndipo wafunge bolti. Ukiona picha zake usishtuke, reli haiungui. Metro (treni ya mjini) ya Montreal, Kanada, iliyofunguliwa 1966, haipati taabu hizo kwa sababu yote iko chini ya ardhi.

Basi nalo lina ugonjwa wake. Upepo unaoendesha breki na milango hubeba unyevu. Unyevu ukiganda ndani ya valvu, breki hubana na basi halitoki depo. Dawa ni kukamua matangi ya upepo kila siku na kubadilisha kikaushio kabla ya msimu. Mabasi matano yakikosa kutoka, la sita hupokea abiria wao wote, hukaa muda mrefu kila kituo huku mlango ukimwaga joto nje, na lile linalolifuata, likiwa tupu, hulifikia mkiani. Ndiyo sababu utasubiri dakika 25 kisha yaje mawili kwa pamoja.

Kusubiri huko ndiko kutakakokuumiza wewe. Upepo ukifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 28, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikihisiwa kama nyuzi 40, ni dakika 5 hadi 10. Vaa glavu za aina ya mfuko, vidole vyote vikiwa chumba kimoja, hupashana joto. Viatu visibane. Simu iweke kifuani ndani ya koti, maana kwenye mfuko wa nje hujizima hata ikiwa na asilimia 30, na kama tiketi yako imo humo ujue umekwama.

Mambo madogo ya usiku: usivute breki ya mkono kwa nguvu, inaweza kugandia, egesha pasipo mteremko, gia ikiwa ndani. Inua waipa zisishikane na kioo. Paka silikoni kwenye mpira wa milango. Usioshe gari siku ya kuamkia baridi. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla hujaondoka, hupungua kama pauni moja (psi) kwa kila nyuzi tano au sita zinazoshuka. Tenki lisipungue nusu, na kwenye buti kuwe na blanketi, koleo, mfuko wa mchanga na waya za kubusti.

Niandikie upesi kama maegesho ya nyumba uliyopangiwa yana soketi ya umeme, na kama gari unalolifikiria ni la petroli au dizeli. Kama hakuna soketi, tuanze kuangalia ramani ya metro na umbali wa kituo kutoka mlangoni kwako, kwa miguu, upepo ukikupiga usoni.

Wako,
Sauda